Nani Analipia Msasa?

Sisi watu wa vitabu tunapenda kusema mswada "upigwe msasa". Ni usemi mzuri, ila tunausahau mti. Msasa ni mti kwanza. Majani yake yanakwaruza, na mafundi wa zamani waliyatumia kulainishia mbao kabla karatasi ya dukani haijafika. Jina likahamia kwenye karatasi, na kutoka kwenye karatasi likaja kwetu.

Hapa Mbezi Beach, kando ya barabara ya Bagamoyo, vitanda na makabati hupangwa nje yakiwaka vanishi. Mng'ao ndio unaokusimamisha. Lakini kazi yenyewe imeshaisha kabla kopo la rangi halijafunguliwa. Fundi anaanza na msasa namba 80 kufuta alama za randa, anakuja 120, anamalizia 180, muda wote akifuata nyuzi za mbao. Akikwaruza kukata nyuzi, huwezi kuona kitu mbao ikiwa kavu. Ukipaka rangi ya mbao, ile mikwaruzo inainywa zaidi na kujichora yenyewe. Tone la gundi lililosahaulika hufanya kinyume: linaikataa rangi, linabaki doa jeupe. Rangi ya mafuta ingefunika yote hayo. Hii haifuniki.

Wapo wanaoona udanganyifu uko kwenye rangi, kwa sababu paini inaweza kupakwa ikafanana na mninga. Mimi sikubaliani nao. Paini iliyopakwa rangi na kuuzwa kwa bei ya paini haijamdhulumu mtu. Uongo unaanza pale muuzaji anapotaja bei ya mninga.

Kinachonisumbua zaidi ni upande wetu wateja. Tukifika tunashusha bei, si ndiyo? "Punguza bwana, mimi mteja wako." Fundi anapunguza. Sasa jiulize amepunguza nini. Mbao ameshainunua, bawaba na vitasa vina bei yake. Kilichobaki cha kukata ni saa za msasa: namba 120 inarukwa, mgongo wa kabati unaachwa na vinyweleo vyake, halafu mwezi ujao tunalalamika kwamba mafundi wa Dar si waaminifu. Utasema angekataa. Angeweza, ila kodi ya fremu haimsubiri.

Na mara nyingi anayepiga msasa si fundi mwenyewe, ni kijana anayejifunza kazi, kope zimejaa unga wa mbao. Tangu mwaka 1995 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO limeliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Barakoa nzuri si ghali ukilinganisha na kabati, lakini nayo inakatwa kwenye yale yale mapatano. Nilipomuuliza fundi mmoja habari ya barakoa, alinitazama akacheka: "Dada, niiweke kwenye bei yako?"

Nilimwambia aiweke. Akaniuliza kama na wateja wengine watakubali.