Boga la Mama Mkwe

Binti yangu alikuwa na miaka sita alipotema boga la bibi yake mkekani. Ilikuwa Ramadhani, Pangani, tumekaa uani kwa mama mkwe. Adhana imeshapita, tende zimeshazunguka, na sinia limejaa: mihogo, vitumbua, uji wa pilipili manga, na katikati bakuli kubwa la boga la nazi. Mtoto alichota kijiko kimoja, akakunja uso, akatema.

"Bibi, boga lako chungu."

Nilimfinya paja, akalia. Nikamwomba radhi mama, nikasema watoto wa siku hizi tumewaharibu kwa biskuti.

Na mimi nilikuwa nimeshaonja. Lilikuwa chungu kweli. Si uchungu wa mnavu, ambao ulimi unauzoea na baadaye unautamani. Ni ule wa shubiri, unaoganda nyuma ya ulimi na kukataa kuondoka hata kwa maji. Lakini pale nilikuwa mkwe, na mkwe hali akatia kasoro. Mama mwenyewe alionja, akanyamaza kidogo, akasema udongo wa bondeni una chumvi mwaka huu, hebu liongezwe sukari. Nikabeba bakuli hadi jikoni, nikalirudisha boga kwenye sufuria, nikatia vijiko vitatu vya sukari, nikatwanga iliki nyingine, nikamimina tui zito lililokuwa limebaki. Mama alipika asichokijua. Mimi nilikuwa nimeshakijua, na nikakivisha nguo nzuri.

Mume wangu alikula mabakuli mawili. Mwanamume mzima akikaa mbele ya chakula cha mama yake hurudi kuwa na miaka kumi.

Sala ya tarawehe haikuisha kabla hajatoka kwenye safu ameshika tumbo. Kufika saa nne usiku tulikuwa watatu, yeye, mama na mimi, tunapokezana choo kimoja. Kutapika, kuhara, na msokoto wa tumbo ambao sikuwahi kuuona hata wakati wa uchungu wa kuzaa. Aliyelala usingizi wake mwanana ni yule niliyemfinya. Hospitali tulikofikishwa usiku ule walitutundikia dripu, na daktari akauliza tulikula nini. Boga. Akauliza lilikuwa chungu? Nikamtazama mama kitanda cha pili, nikajibu, "Kidogo tu."

Hata pale.

Daktari alitueleza kwa ufupi, mengine nimeyasoma baadaye. Mimea ya jamii ya maboga, matango na matikiti ina silaha yake dhidi ya wadudu na wanyama, sumu chungu iitwayo kukurbitasini. Maboga ya porini ni machungu mno. Wakulima wa kale, kwa maelfu ya miaka, walichagua mbegu za yale matamu tu na kuyaacha machungu, mpaka tukapata boga la kuliwa. Lakini sumu haikufutika kwenye ukoo, na inaweza kurudi. Ikirudi, moto hauiui. Chemsha, oka, kaanga, itabaki. Wala sukari haiiondoi. Inachofanya ni kuudanganya ulimi, mlinzi pekee uliyenaye mlangoni. Dawa yake maalumu haipo. Hospitalini wanarudisha maji uliyoyapoteza na kusubiri mwili ujitakase.

Sasa ilirudije uani kwa mama, aliyelima maboga tangu kabla sijazaliwa? Jibu lilitoka kwa wifi yangu aishiye Ujerumani, tulipompigia simu kumpa habari za ugonjwa. Alinyamaza, kisha akauliza, "Yale mapambo bado yapo?"

Miaka miwili nyuma alikuja na pakiti ya mbegu za maboga ya mapambo, yale madogo ya rangirangi yenye chunjua, ambayo Wazungu huyapanga mezani majira ya vuli na hawayali. Mama aliyapenda, akayapanda kando ya ua. Mita chache tu kutoka hapo palikuwa na maboga yake ya kula, aina ile ndogo ya manjano ambayo ni ndugu wa damu wa hayo ya mapambo. Si maboga yote huoana hivyo. Yale makubwa ya ngozi ya kijivu hayapandani kirahisi na haya. Haya mawili ni spishi moja, hayahitaji hata kutongozana.

Tunasema ukipenda boga, penda na ua lake. Maua ya boga ni dume na jike mbalimbali kwenye mmea mmoja. Jike utalijua kwa kiboga kidogo kilichoshikana nalo chini yake. Hufunguka alfajiri, na kufika mchana yameshajikunja. Katikati ya saa hizo chache nyuki hupita ua hadi ua, na hamuulizi mtu lipi la futari na lipi la mapambo. Hapa ndipo wengi hudanganyika, maana boga linalozaliwa msimu ule huwa tamu kama kawaida. Nyama yake ni ya mama yake. Mbegu zilizomo ndani ndizo za wazazi wawili. Mama alikula maboga ya mwaka ule, akayasifu, akaanika mbegu kwenye ungo kama alivyofanya maisha yake yote, akazipanda. Tulichokula sisi ni mjukuu wa yale mapambo.

Wifi akatusimulia kisa cha huko huko Ujerumani, kilichotangazwa sana mwezi wa Agosti 2015. Katika mji wa Heidenheim, kusini mwa nchi, mzee wa miaka 79 na mkewe walipewa na jirani zukini alizolima mwenyewe, nazo ni maboga ya aina hiyo hiyo yanayoliwa yakiwa machanga. Wakapika mchuzi, ukawa mchungu. Mke alikula kidogo akaacha, akaugua akapona. Mzee aliendelea kula. Alifia hospitalini.

Nimekifikiria kisa kile mara nyingi, hasa ile zawadi ya jirani. Sijui kama yule mzee alikula kwa adabu au kwa njaa tu. Ninachojua ni kwamba mimi nilikula kwa adabu.

Ufaransa nako, kesi mbili ziliandikwa mwaka 2018 katika jarida la madaktari wa ngozi. Mwanamke mmoja alikunywa supu ya boga iliyokuwa chungu, akatapika na kuhara, na baada ya kama wiki moja nywele zikaanza kumtoka kichwani kwa mafungu. Niliposoma hilo nilivua mtandio nikajikagua.

Boga la kopo lina karatasi ya kukuambia kilichomo. Boga bichi halina karatasi. Kwa hiyo kabla hujakuna nazi, kata kipande chake kibichi, kisizidi ukucha wa kidole gumba, kiguse kwa ncha ya ulimi, ukitafune kidogo, uteme. Boga zima lina ladha ya karibu na karoti, au halina ladha kabisa. Likiwa chungu, hata kwa mbali, sukutua na ulitupe lote, usimpe hata mbuzi. Fanya hivyo hivyo kwa tango na kwa mumunye, ambalo ni spishi moja na kile kibuyu kichungu cha kuchotea maji. Na mbegu za kupanda usitunze za shamba lililo jirani na maboga ya mapambo, hata kama boga lenyewe lilikuwa asali.

Mama aliyang'oa yale mapambo kwa mkono wake, na mbegu zote za kwenye mtungi akazichoma. Sasa boga ananunua sokoni. Ramadhani iliyofuata nilimkuta jikoni amekaa juu ya mbuzi, nazi bado haijaguswa, boga limepasuliwa miguuni pake. Alikata vipande viwili vidogo, kimoja akaweka mdomoni mwake, cha pili akanipa kwenye ncha ya kisu.

"Sema," akaniambia.

Nikatafuna. "Si chungu, mama. Ila limepooza, halina ladha."

Akanitazama kitambo, kisha akalisogeza kopo la sukari upande wangu.