Sanduku Lililokatwa: Haki ya Mnunuzi na Haki ya Mwenye Duka

Ndugu yetu mmoja, mtu wa pwani aliyekwenda kufanya biashara Silibwet, katika nchi ya chai karibu na Bomet, ametuletea swali ambalo kwa juu juu laonekana dogo, lakini ndani yake mna haki za watu watatu. Tumeona tulijibu hapa, ili wenye maduka na wenye kununua wafaidike wote, kwani jambo hili halikukaa Silibwet peke yake.

Swali lenyewe ni hili. Yeye auza pampu ndogo za maji. Mwenye kiwanda ametangaza kwamba kila anunuaye pampu kwa shilingi 6,000, kisha akakata kile kipande cha sanduku chenye mistari myeusi na nambari, akakipeleka kwa posta pamoja na nakala ya risiti, atarudishiwa shilingi 1,000 kwa simu. Fedha hizo hapa tutaziita kipunguzo. Mkulima mmoja akanunua, akakata, akapeleka. Siku ya nne pampu ikaacha kuvuta maji. Alipoirudisha dukani akaonyeshwa kibao kisemacho kuwa mali haipokewi ila ikiwa katika sanduku lake kamili. Na sanduku si kamili, maana limekatwa kwa kufuata tangazo lililobandikwa katika ukuta ule ule. Ndugu yetu auliza: Je, yanilazimu kumrudishia fedha zake? Na ikinilazimu, ni 6,000 au ni 5,000?

Kwanza na tujue kwamba mgongano huu una wenyewe waliotutangulia. Katika nchi ya Marekani biashara ya vipunguzo vya posta ilienea sana, na watu wake walionja uchungu wake. Kiwanda chataka kipande cha sanduku, na duka lataka sanduku zima. Mnunuzi amesimama katikati, akimridhisha huyu amkosa yule. Na wengine walitimiza kila sharti, wakangoja fedha zisizofika. Mwaka 2005 Tume ya Biashara ya Serikali ya nchi hiyo ililishitaki duka kubwa lililoitwa CompUSA kwa sababu ya vipunguzo vilivyocheleweshwa au visivyolipwa kabisa, na mwaka huo huo duka la Best Buy likatangaza kuwa litaiacha desturi hiyo pole pole.

Pili, sheria ya nchi yetu haikunyamaza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 46, yampa mnunuzi haki ya kupata mali yenye ubora wa kadiri, haki ya kuelezwa yampasayo kuyajua, na haki ya kulipwa kwa hasara iliyotokana na ila ya mali. Baadaye ikaja Sheria ya Kuwalinda Wanunuzi ya mwaka 2012. Basi mwenye duka asidhani kwamba maneno matano yaliyoandikwa kwa wino mwekundu juu ya kibao yaweza kufuta haki iliyoandikwa katika Katiba.

Lakini swali la ndugu yetu halikuwa la mahakama tu. Ataka kujua lipi ni haki baina yake na Mola wake, na kwa hilo twarejea katika milango ya biashara ambayo wanavyuoni wetu wameieleza tangu zamani.

Wote wajua khiari ya aibu: mwenye kununua kitu, kisha akakuta ndani yake ila iliyokuwapo kabla hajakipokea, ana hiari ya kukirudisha. Na wajua pia kwamba ikiwa kitu kimepatwa na ila nyingine mpya mikononi mwa mnunuzi, hawezi kumlazimisha muuzaji akipokee hivyo hivyo. Hapa ndipo mwenye duka aweza kusema: Sanduku lililokatwa ni ila mpya, nawe ndiwe uliyeikata.

Imamu Nawawi katika Minhaj ametaja jambo ambalo watu wa pwani tutalifahamu upesi kuliko wengine. Mtu akinunua nazi, akaivunja, akaikuta imeoza, ana haki ya kuirudisha, kwa kuwa uovu wake haujulikani ila kwa kuivunja. Je, sanduku letu ni kama nazi hiyo? Insafu yatutaka tuseme: si sawasawa. Kufungua sanduku ni kama kuvunja nazi, maana pampu haijaribiwi ikiwa ndani. Ama kukata kipande cha nambari si njia ya kuijua ila. Ni njia ya kutafuta faida ya mkataji. Kwa hivyo mwenye kutoa hoja ya nazi peke yake hajamaliza hoja.

Hoja iliyo na nguvu ni nyingine, nayo ni idhini. Aliyekuruhusu kufanya jambo hawezi kukudai kwa sababu ya kulifanya. Mwenye kiwanda amemwambia mnunuzi: Kata. Mwenye duka akalibandika tangazo, akavuta wateja kwalo, akauza kwalo. Hawezi leo kusema kwamba maneno yale yalikuwa ya mwengine, maana faida ya maneno yale aliila yeye. Basi kwa pampu yenye ila, kukatwa kwa sanduku si kizuizi. Ampokee mtu wake, wala asimzungushe.

Sasa twaja kwenye kiasi. Hapa yatufaa ile hadithi ya mnyama aliyeachwa bila kukamwa siku kadhaa ili kiwele chake kijae, mnunuzi akadanganyika. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimpa mnunuzi hiari ya kumweka au kumrudisha, na akimrudisha amrudishe pamoja na pishi ya tende. Kwa nini tende? Kwa sababu maziwa yaliyokuwa katika kiwele wakati wa kuuziana yalikuwa sehemu ya kitu kilichouzwa, naye ameyanywa. Ama maziwa yaliyozalika baadaye ni yake, kwa ile kanuni ya kwamba mwenye kubeba dhamana ya kitu ndiye mwenye mapato yake.

Tukikipima kipunguzo kwa mizani hii, twaona kuwa chafanana na maziwa ya mwanzo. Hakikutokana na jasho la mnunuzi wala na kazi ya pampu. Kilikuwamo katika mapatano tangu siku ya kununua, na kwacho bei yake ya kweli ilikuwa 5,000. Kwa hivyo mkulima aliyekwisha pokea 1,000 haki yake ni 5,000. Akidai 6,000 amejitajirisha kwa kitu asichonacho tena. Na ile 1,000 inayobaki kwa mwenye duka si faida yake. Ni amana ya mwenye kiwanda aliyeitoa, na amrudishie pamoja na pampu mbovu. Akiitia mfukoni, naye amekula cha mtu.

Na ikiwa kipunguzo hakijafika? Huyu haki yake ni 6,000 kamili. Hakatwi mtu kwa fedha ambayo mkono wake haujaigusa, na huenda isifike kamwe. Aandike tu kwamba ikija ataileta, na mwenye duka ampelekee habari mwenye kiwanda aizuie. Kukiwa na khatari iliyobaki, na ibebwe na waliolitangaza jambo hili kwa faida yao, si na mkulima aliyetoa fedha taslimu akarudi na chuma kisichovuta maji.

Yote haya ni kwa mali yenye ila. Ama mnunuzi ambaye pampu yake ni nzima, ila amebadili moyo, huyo hana haki ya kulazimisha. Mwenye duka akimkubalia ni hisani yenye thawabu kubwa, na akikataa hana lawama. Maana sanduku lililokatwa halitampa mnunuzi mwengine kipunguzo, na thamani yake imepungua. Na yule anunuaye kwa nia ya kuchukua kipunguzo kisha arudishe mali na kudai bei nzima, kitendo chake kina jina lake, wala si ujanja wa biashara.

Lakini lawama kubwa twaiweka kwa anayeandika 5,000 kwa herufi za kuonekana toka barabarani, na 6,000 kwa herufi za kutafutwa kwa miwani; na kwa mwenye kiwanda anayeweka muda mfupi na masharti mengi kwa kutumaini kwamba watu watasahau. Kipunguzo kilichotengenezwa ili kisahauliwe si ukarimu, ni mtego.

Kwa ndugu yetu twashauri mambo haya. Andika bei zote mbili kwa herufi sawa. Ijaribu pampu mbele ya mnunuzi. Mwambie: Itumie siku kadhaa kabla hujakata. Andika katika risiti, kwa lugha aijuayo, nini kitakuwa ikiwa mali ina ila. Na mwenye kiwanda akiweka mwisho wa kupeleka kipande ulio mfupi kuliko siku za kujaribu, usilibandike tangazo lake.

Mkulima wa Silibwet si mgeni wa kungoja. Huchuma majani, akalipwa kidogo kila mwezi, kisha akangoja malipo ya pili ya mwaka, wenyewe wayaitayo bonasi, ambayo ukubwa wake wafuata mauzo ya chai yake katika mnada uliohamishiwa Mombasa mwaka 1969. Mara nyingi ni kwa fedha hizo ndipo anunuapo pampu. Basi mtu aliyengoja mwaka mzima malipo ya jasho lake, si uungwana kumngojesha tena kwa hila ya sanduku, wala si uungwana kwa sisi wa pwani, ambao mnada huo uko mjini kwetu, kwenda kwao na mizani mbili.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi zaidi.