Mnoaji na Mti: Juu ya Sehemu ya Dhambi Iliyomo Katika Makali

Falsafa ya maadili ina swali la zamani linaloulizwa mara nyingi kuhusu silaha na mara chache kuhusu zana za kazi: je, anayemtilia mwenzake makali ana sehemu katika kile kitakachokatwa? Katika uwanda wa kati wa Tanzania, ambako Dodoma hutegemea msimu mmoja wa mvua, kwa wastani chini ya milimita 600 kwa mwaka, na ambako mninga uliokatwa leo hauwezi kurejea katika unene wake ndani ya umri wa aliyeukata, swali hilo si la darasani tu, kwa kuwa msumeno wa mnyororo, au chenso kama mafundi wanavyouita, haufanyi kazi siku nyingi bila mtu wa kuunoa.

Kazi yenyewe haina budi kuelezwa kwanza. Meno ya chenso yamepangwa kwa kupishana, moja likielekea kulia na linalofuata kushoto, na kila jino hunolewa kwa tupa ya duara, nyembamba kuliko penseli, ambayo kipenyo chake huchaguliwa kulingana na mnyororo: milimita 4 kwa minyororo midogo, 4.8 au 5.5 kwa iliyo mikubwa zaidi. Mnoaji huibana baa, yaani bati refu linalobeba mnyororo, ili isicheze, kisha huisukuma tupa kutoka upande wa ndani wa jino kwenda nje, kwa pembe ambayo katika minyororo mingi ni digrii 30, akiinyanyua kila anaporudi kwa sababu tupa hukata ikienda mbele tu, na ikiburutwa nyuma huharibika. Akimaliza meno ya upande mmoja hugeukia ya upande wa pili, na hulipa kila jino idadi ileile ya misukumo, maana meno ya upande mmoja yakiwa marefu kuliko ya upande mwingine msumeno hupinda ndani ya gogo. Asiyezoea hufunga juu ya tupa kiongozi, ambacho ni kibati chenye mistari ya kuonyesha pembe. Mzoefu hutegemea jicho na mkono. Mnyororo ulionolewa vizuri hutema vipande vya mbao, ilhali mnyororo butu hutoa vumbi, hupata moto, na humlazimisha mkataji kuukandamiza.

Umbo la jino hili lina historia ya kushangaza. Joseph Buford Cox, mkata magogo wa Oregon nchini Marekani, alilibuni katika miaka ya 1946 na 1947 baada ya kuchunguza namna buu wa mbawakawa mmoja mkubwa anavyotafuna mbao kwa taya mbili zinazopishana. Buu huyo hula zaidi miti iliyokwisha kufa. Walioiga taya zake hawakuiga mlo wake.

Mbele ya kila jino kuna kinundu kidogo cha chuma, kilicho chini ya ncha ya jino kwa takriban milimita 0.65, ambacho kazi yake ni kulizuia jino lisiume zaidi ya kiasi. Kila linaponolewa jino hupungua kimo, hivyo kinundu nacho hushushwa kidogo kwa tupa bapa. Asiyekishusha hupata jino kali lisiloufikia mti, na anayekishusha mno kwa tamaa ya kumaliza haraka hupata mnyororo unaorarua, unaonasa, na ambao ni mwepesi zaidi wa kumrukia aliyeushika. Aristotle alifundisha kwamba wema wa tabia uko katikati ya kuzidi na kupungua, na hapa fundisho lake linaonekana katika chuma, kwa kuwa makali bora si makali mengi kadiri iwezekanavyo. Hata hivyo mfano huu una mwisho wake, na wanaopenda kusema kwamba kazi nzuri ni ibada wangefaa kuuangalia: kinundu kinajua kiasi cha kuuma, lakini hakijui mti upi.

Maandiko ya dini zenye wafuasi wengi Dodoma hayakukichukulia kitendo cha kunoa kuwa kitu kidogo. Mhubiri, katika sura ya 10 ya kitabu chake ndani ya Biblia, anakihusisha na hekima, akionyesha kwamba asiyenoa chuma hulipa kwa nguvu zake. Hadithi ya Mtume iliyopokewa na Shaddad bin Aus, iliyomo katika Sahih Muslim, inakiweka chini ya ihsani, yaani kulitenda jambo kwa ubora wake, ikimwagiza mchinjaji anoe kisu chake ili mnyama asiteseke. Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 13, kinakwenda mbali zaidi, kwani kinaeleza jinsi Wafilisti walivyohakikisha kwamba katika Israeli hapakuwa na mhunzi, hata Waisraeli wakalazimika kuteremka kwao ili kunoa majembe na mashoka. Wafilisti walielewa jambo ambalo mnoaji wa leo hupenda kulisahau anaposema kwamba yeye ni fundi tu: mwenye kutia makali ameshika sehemu ya uwezo wa kukata, na mwenye uwezo hawezi kudai kwamba hahusiki.

Ikiwa anahusika, je, ni kwa kiasi gani? Mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, walilijadili suala la namna hii kwa mfano wa muuza zabibu ambaye mnunuzi wake hutengeneza mvinyo. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, kauli yenye nguvu hutofautisha kujua na kushuku: muuzaji anayejua amepata dhambi, anayeshuku tu ametenda linalochukiza. Upande wa Ukristo, Thomas wa Akwino alitenga aina ya ujinga ambao mtu huutafuta makusudi ili asizuiwe na dhambi, akahukumu kwamba ujinga huo haumwondolei lawama. Kauli hizi mbili zikisomwa pamoja zinamfikia moja kwa moja mnoaji ambaye amejizoeza kutouliza. Mnyororo unaoletwa kwake baada ya magharibi, ukiwa na utomvu mbichi wa mti wa porini, umekwisha kumweleza mengi, na kimya chake si kutojua.

Inaweza kupingwa kwamba fikra hii ikifuatwa mpaka mwisho, njia salama ni kuacha kunoa kabisa. Pingamizi hili ni dhaifu, na Dodoma yenyewe inalijibu. Mpango wa Kisiki Hai, unaoendeshwa mkoani humo na taasisi ya LEAD Foundation, unawafundisha wakulima kurudisha miti kutoka katika visiki ambavyo mizizi yake bado iko hai: machipukizi machache yenye nguvu huchaguliwa, mengine hupogolewa, mti hutiwa alama na kisha hutunzwa. Kupogoa kwa panga butu huchana gome na kuacha jeraha linaloweza kuingiza uozo. Panga kali huacha mkato safi unaofunga mapema. Kwa hiyo makali yanayomaliza msitu na makali yanayourudisha hutoka katika tupa ileile, na kumlaumu mnoaji kwa ajili ya ukali wa kazi yake ni kukosea mahali pa lawama. Wala amri ya serikali haiwezi kuchukua nafasi ya dhamiri ya mnoaji. Serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kama HADO, mwaka 1973, kisha ikaiondoa mifugo katika vilima vya Kondoa vilivyomomonyoka mwaka 1979, ilikuwa inashughulika na kwato, ambazo huonekana na huhesabika. Makali hayawezi kuhamishwa kwa amri ya namna hiyo, kwa sababu tupa hukaa mfukoni.

Lawama, basi, iko katika kujua na kunyamaza. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inamtaka mvunaji awe na kibali, na mnoaji hana desturi ya kukidai. Lakini dhamiri haingoji kifungu cha sheria. Kabla ya kuifunga baa na kuhesabu misukumo, anapaswa kuuliza mnyororo huo unakwenda kukata nini na kwa kibali cha nani, na asipopata jibu, aurudishe kwa mwenyewe ukiwa butu.