Mapenzi ya dukani: Nani ana uwezo wa kusema hapana?

Leo napenda tulijadili suala ambalo vibarazani tunalizungumza kwa kucheka, lakini ni nadra kulipa uzito unaostahili. Ni mahusiano ya kimapenzi baina ya wauza maduka wenyewe kwa wenyewe, na baina yao na matajiri wao. Swali langu ni hili: tunapolihukumu jambo hili, je, tunahukumu kwa uadilifu, au tunatafuta tu mtu wa kubebeshwa lawama?

Nalisema haya nikiwa Mpanda, mji ambao reli yake kutoka Kaliua ilijengwa na mkoloni kwa kufuata madini ya risasi. Tangu Katavi ilipomegwa kutoka Rukwa na kuwa mkoa mwaka 2012, mji umebadilika sana. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu wapatao 564,000 katika eneo hili. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 1.1. Watu wakiongezeka, maduka nayo huongezeka: ya nguo, ya vifaa vya ujenzi, ya simu, ya jumla na ya rejareja. Nyuma ya kaunta wapo vijana, wengi wao mabinti waliotoka Inyonga, Karema, Majimoto na kwingineko, wakaja mjini kutafuta riziki.

Vijana hawa hufungua duka saa mbili asubuhi na kulifunga saa mbili usiku. Yaani binti anakaa na mwenzake wa kaunta saa kumi na mbili, wakati mama yake hamuoni hata saa mbili. Wanakula sahani moja, wanafichiana makosa, wanapeana nauli. Moyo wa mwanadamu hauna kufuli. Kupendana katika mazingira hayo si jambo la kushangaza. Linalotakiwa kutushangaza ni jinsi tunavyolimaliza.

Tunalimaliza hivi. Habari zikivuja, au tumbo likionekana, binti anaambiwa asije kesho. Kijana anabaki dukani. Kama mhusika ni tajiri mwenyewe, ndiyo kabisa: duka ni lake, nani atamfukuza? Mtaani tunasema "binti hana adabu", na jambo limekwisha. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015-16 ulionesha kuwa asilimia 45 ya wasichana wa Katavi wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito, kiwango kilichokuwa kikubwa kuliko mikoa yote, huku wastani wa taifa ukiwa asilimia 27. Sisemi kwamba waliyapata hayo madukani. Nasema kwamba katika mkoa wenye historia hiyo, kumfukuza binti na kumwacha mwanamume si kulinda maadili.

Wapo wanaosema dawa ni kupiga marufuku. Wenzetu wamejaribu. Kampuni ya maduka ya Wal-Mart ya Marekani iliwafukuza wafanyakazi wawili wa duka lake moja katika jimbo la New York mwaka 1993 kwa sababu walikuwa na uhusiano, na mwanamke alikuwa bado ni mke wa mtu. Jimbo likaishitaki kampuni, na mwaka 1995 mahakama ya rufaa ikaipa kampuni ushindi. Kampuni hiyo hiyo ilipopeleka Ujerumani kanuni za kuwazuia wafanyakazi wake kupendana, mahakama za huko mwaka 2005 zilizikataa na kusema zinagusa utu wa mtu. Mahakama mbili, majibu mawili. Lakini kote huko ubishi ulikuwa juu ya mpaka wa mamlaka ya mwajiri. Mimi naona lipo swali linalotangulia hilo: katika hao wawili, nani ana uwezo wa kusema hapana?

Wapo wengine, na hawa ni wa kwetu, wanaosema dawa ni kutowaajiri wanawake kabisa. Hoja hii ina sura ya ucha Mungu, lakini tuipime. Mjane mwenye watoto watatu pale Makanyagio ukimfungia kaunta, umempeleka wapi? Na tutasemaje kuhusu Bibi Khadija (r.a.), ambaye alikuwa mfanyabiashara na mwajiri?

Tumtazame basi yeye. Alimkabidhi Mtume (s.a.w.), kabla ya utume, mali yake aipeleke Sham. Akaona uaminifu wake katika kazi. Moyo ulipomwelekea, hakumwita faragha. Alimtuma Nafisa akaulize, kisha wazee wakakutana na ndoa ikafungwa. Tazama pia kisa cha Nabii Musa (a.s.) katika Suratul Qasas. Mabinti wawili walikuwa kazini, wananywesha mifugo. Akawasaidia. Mmoja akamshauri baba yake amwajiri kwa kuwa ni mwenye nguvu na mwaminifu, na baba mwenyewe akamwozesha binti yake kwa makubaliano ya kazi ya miaka minane. Ndoa zote mbili chanzo chake ni kazi. Kwa hiyo Uislamu haujasema kwamba mahali pa kazi hapawezi kuzaa mapenzi ya halali.

Kisha tazama kisa cha tatu, cha Nabii Yusuf (a.s.). Naye alikuwa kazini, mtumishi katika nyumba ya mkubwa. Mwenye mamlaka juu yake akafunga milango na kumtaka. Akakataa. Kanzu iliyochanwa nyuma ikathibitisha kuwa hana hatia. Ikawaje? Aliyekwenda jela ni yeye. Kila aliyekuwa na cheo alibaki na cheo chake. Sisi hukisoma kisa hiki kama kisa cha subira ya Yusuf, na ni sawa. Lakini ni kisa pia cha nyumba ambayo ushahidi ulikuwepo na mnyonge akaadhibiwa. Binti wa dukani anayefukuzwa ili jina la tajiri lisichafuke, anafanyiwa jambo la aina hiyo hiyo.

Kutokana na visa hivyo napata vipimo viwili. Cha kwanza: je, mnyonge akisema hapana, kesho kazi yake ipo? Cha pili: je, mwenye nguvu yuko tayari kulisema jambo lake mbele ya walii, kabla halijawa aibu? Kwa vijana wawili wa kaunta moja, kipimo cha pili ndicho kikubwa. Kama unampenda, tuma mshenga. Kama huwezi kutuma mshenga, basi acha kumsubiri stoo.

Kwa tajiri, kipimo cha kwanza ndicho kizito. Wapo wanaojitetea kuwa "nilikusudia kumwoa mke wa pili". Sheria ya dini inaruhusu, simkatazi. Lakini mke wa pili huposwa kwao. Haanzi kuwa mke baada ya mimba kumtoa jasho mwanamume. Na posa ya kweli ni ile ambayo binti akiikataa, kesho yake anafungua duka kama kawaida na mshahara wake haupungui hata shilingi.

Hapa niseme jambo ambalo wenye maduka wanalijua vizuri. Njia kubwa ya mtego huu ni pesa. Jioni hesabu haikutimia, kuna shoti ya elfu arobaini. Mshahara wa mwezi uliopita haujatoka. Tajiri anasema kwa upole, "usijali, tutazungumza". Binti huyo hajatongozwa bado, lakini uwezo wake wa kukataa umeshapungua. Ndiyo maana mafundisho ya kumlipa mfanyakazi ujira wake kabla jasho halijakauka nayaona ni mafundisho ya kulinda heshima pia. Mwenye kulipwa kwa wakati hana deni la kulipia kwa mwili.

Sheria za nchi nazo zipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inauhesabu unyanyasaji kazini kuwa ni ubaguzi, inakataza kumbagua mtu kwa ujauzito, na inatoa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo. Anayeona ameachishwa kazi isivyo haki ana siku 30 za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Sheria ya rushwa ya mwaka 2007 inaihesabu rushwa ya ngono kuwa ni kosa la jinai. Mabinti wangapi wa Mpanda wameambiwa haya siku walipoajiriwa?

Tunayoyaweza si makubwa. Hesabu ya jioni ifanywe na watu watatu, si wawili na mlango uliofungwa. Shoti iandikwe daftarini, isiwe siri ya mtu na bosi wake. Mishahara itoke kwa tarehe. Wazazi tulioko mbali tupige simu dukani na kujitambulisha, ili ijulikane kuwa binti ana kwao. Na maimamu wetu wanapohutubia juu ya zinaa siku ya Ijumaa, wasimwelekee binti peke yake aliyeko nyuma ya pazia. Wamwelekee pia aliyekaa safu ya mbele, mwenye funguo za duka mfukoni.

Siku ya Kiyama hatutaulizwa tu nani alipendana na nani. Tutaulizwa juu ya kila aliyekuwa chini ya mkono wetu, na kama mkono huo ulikuwa wa kumlinda. Wallahu a'lam.