Ushirika ni wa Pande Mbili

Siku hizi ngoma ikichezwa asubuhi katika kijiji cha Newala, jioni yaweza kutazamwa London na Muscat. Kijana mwenye simu hupiga picha, huzitia katika intaneti, na dunia yote huziona. Wataalamu wa mambo ya fedha wameipa biashara ya namna hii jina zuri: uchumi wa kushirikiana. Watu huchangia walicho nacho, na wenye mitandao huwapatia uwanja. Lakini jina zuri si hoja. Yatupasa kuuliza: je, hapa pana ushirika wa kweli?

Watu wa Masasi na Newala hawakungoja intaneti iwafundishe kushirikiana. Kulimiana mashamba kwa zamu wanakujua, kama watu wa pwani wajuavyo kula kikoa, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Tazameni masharti yake. Kwanza, kila alaye amechanga. Pili, zamu hurudi: mla cha mwenziwe na chake huliwa. Tatu, hakuna mmoja awezaye kubadili utaratibu usiku, wenzake wakaukuta umegeuka asubuhi. Penye kukosa mambo hayo, kula kupo, lakini ushirika haupo.

Sasa tuupime uchumi huu mpya kwa kipimo hicho. Kampuni ya YouTube haina ngoma hata moja, wala haimlishi mpigaji. Simu, umeme na vifurushi vya intaneti ni gharama ya kijana mwenyewe. Ili apate sehemu ya fedha za matangazo ya video zake ndefu, kwa kawaida atakiwa awe na wafuasi 1,000, na kazi yake iwe imetazamwa saa 4,000 katika miezi 12. Akifika hapo, hupewa asilimia 55. Asipofika, kampuni yaweza kuweka matangazo juu ya kazi yake bila kumpa hata senti. Tena masharti hayo yalitangazwa mwaka 2018 na kampuni peke yake. Wenye chaneli ndogo walikuta mlango umefungwa. Uwanja upo, na kweli una manufaa, lakini zamu hairudi, na utaratibu ni wa mmoja.

Wengine watasema: hakuna aliyemshurutisha, aliyakubali masharti. Tena watatukumbusha kwamba katika miaka ya 1960 mwimbaji wa huku hakusikika mbali asipofika studio za redio Dar es Salaam, na leo asikilizwa akiwa kwao. Faida hiyo hatuikani. Lakini Papa Leo XIII, katika waraka wake wa mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, alifundisha kwamba mtu akikubali masharti magumu kwa kuwa dhiki yamsukuma, mapatano hayo hayawi ya haki kwa sababu tu yamekubaliwa. Neno hilo lilisemwa juu ya viwanda. Lafaa pia kwa simu.

Hata hivyo, kuwalaumu wenye mitandao peke yao ni rahisi mno. Kijana huyu naye ni nani mbele ya wapiga ngoma? Wao walitoa jasho na urithi wa mababu, yeye alitoa simu. Fedha zikija, zaingia mfukoni mwake. Analowalalamikia wakubwa wa ng'ambo, ndilo awatendealo wazee wake.

Nalo si jambo geni. Sindimba ya Wamakonde ilichukuliwa na kikundi cha ngoma cha taifa katika miaka ya 1960, ikawa fahari ya nchi nzima. Lakini ilirekebishwa ili ifae jukwaa, na wenye ngoma hawakuwa ndio waamuzi. Vinyago vya mpingo vimeenea duniani, na vingi huitwa tu vya Kimakonde, jina la aliyevichonga likiwa halipo. Sheria ya Hakimiliki, Na. 7 ya mwaka 1999, iliziangalia pia sanaa za jadi, ikataka ruhusa kwa atakayezitumia kwa faida nje ya mazingira yake. Lakini sheria haiwezi kukaa ndani ya kila simu, dhamiri yaweza.

Tena kuna yasiyogawika kabisa. Mafunzo ya jando na unyago yana siri yake, na watoto waliomo hawajui maana ya kutoa idhini mbele ya dunia. Picha zao zisiuzwe, wala zisitolewe bure.

Tufanyeje basi? Wakulima wa korosho wametangulia. Mkulima akiwa peke yake na gunia lake alikuwa mnyonge mbele ya mnunuzi wa kangomba. Tangu mwaka 2007, kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani, korosho zilianza kukusanywa na vyama na kuuzwa kwa ushindani. Leo wa Masasi na Mtwara wana MAMCU, wa Tandahimba na Newala wana TANECU. Utaratibu huo haukukosa lawama, lakini mkulima anacho kikao cha kuuliza hesabu. Mwenye ngoma hana. Kule Kanada, mwaka 2013, wapiga picha walifungua Stocksy, kampuni ambayo wao wenyewe ni wanachama, hupiga kura na kugawana faida. Kumbe yawezekana.

Wapiga ngoma, waimbaji na wapiga picha wa Masasi na Newala waanze kidogo: chama kimoja, chaneli kwa jina la wote, daftari la hesabu lisomwalo mbele ya watu, na mapatano kabla simu haijainuliwa. Nawe kijana, unapojiandaa kuidai haki yako kwa wakubwa, wataje kwanza wazee wako kwa majina yao, uwape fungu lao. Adaiye haki na mikono yake iwe safi.