Mtawa na Salamu ya Njiani

Watu huuliza: Mtawa aliyeacha mke, watoto na mali, aweza kuwajua watu? Yamkini amewakimbia. Swali hili si la mzaha, nasi wa Masasi na Newala yatupasa kulifikiri, kwa kuwa tulipata kuwa na askofu mtawa. Trevor Huddleston, wa Shirika la Ufufuo lililoanzishwa Uingereza mwaka 1892, alikuwa Askofu wa Masasi tangu 1960 hata 1968.

Kabla ya kuja kwetu alitumwa Afrika Kusini mwaka 1943, akafanya kazi Sophiatown, mtaa wa Johannesburg. Siku moja katika nchi ile mtoto alikuwa amesimama na mama yake, mwanamke mpishi asiye na cheo. Akapita padre Mzungu mwenye kanzu, akamvulia mama yule kofia. Ni hayo tu. Mtoto akastaajabu mno, maana hakupata kuona Mzungu akimheshimu hivyo mwanamke Mwafrika. Mtoto huyo ni Desmond Tutu, aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wa Cape Town mwaka 1986, na padre ni Huddleston. Tena Tutu alipougua kifua kikuu, akalala hospitalini miezi kama 20, mtawa huyo alikuwa akienda kumtazama kila juma.

Labda msomaji atasema: Kofia ni kitu gani? Sheria za ubaguzi zilibaki palepale, na mwaka 1955 watu wa Sophiatown walianza kuhamishwa kwa nguvu, ijapokuwa Huddleston alipinga kwa bidii. Ni kweli, salamu haikuzuia malori. Lakini twajua pia msaada umwaibishao mtu: yuko agawaye unga huku akitazama pembeni. Aliyepewa hurudi nyumbani na unga wake, wala hakuonwa na mtu.

Mwingine atasema kwamba kwetu kila mtu husalimu, na kumpita mtu njiani bila neno ni tusi. Je, sisi ni wema kuliko wale? Siamini. Mzungu wa Johannesburg naye aliwasalimu wenziwe vizuri sana (sina shaka hata mezani alikuwa na adabu). Desturi yake ilimwonyesha nani ni mtu wa kusalimiwa, na nani ni kama mti wa kando ya njia. Desturi yetu nayo ina miti yake. Wanawake wa uwanda wa Makonde walipokuwa wakishuka mabondeni kuteka maji, kisha wakipanda na mitungi kichwani, ni wanaume wangapi waliowapisha njia? Na mkimbizi aliyevuka Ruvuma baada ya vita kuanza Msumbiji mwaka 1964? Na mwenye ukoma?

Mtawa hana mlango wa nyumba yake wa kumwambia yupi ni wake na yupi ni mgeni. Nadhani hii ndiyo faida ya nadhiri yake. Sisemi kwamba yeye ni bora kuliko mwenye mke. Huyu ana kazi ngumu zaidi, maana kuwapenda wanawe kwaweza kumfumba macho asiwaone wa wengine.

Huddleston hakuwa na mtoto. Mwaka 1956 Tutu alipata mtoto wa kiume, akampa jina la Trevor.