MAJI YA PAA LANGU, NYUMBA YA JIRANI YANGU

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake wote.



Leo tunauliza swali ambalo katika mji wetu wa Bukavu haliwezi kungoja. Mtu akikata mlima ili ajenge, kisha mvua ikanyesha na udongo ukashuka ukaangukia nyumba ya jirani aliye chini, je, aliyekata ana deni? Wengi wetu tunajibu haraka kwamba ni kazi ya Mungu. Tunasema hivyo kwenye matanga, tunawapa wafiwa pole, tunapanda kurudi kwetu, na kesho yake tunaendelea kuchimba.

Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.) kwamba siku ya Ijumaa Mtume (s.a.w.) akiwa anahutubu, mtu mmoja aliingia msikitini akamshitakia ukame: mifugo inakufa, njia zimekatika. Mtume akainua mikono akaomba. Hapakuwa na wingu hata kipande, na mara likatokea wingu nyuma ya mlima wa Sal', mvua ikanyesha, wala hawakuliona jua mpaka Ijumaa ya pili. Ijumaa hiyo mtu akaingia tena kulalamika, safari hii kwa sababu ya maji: mali inaangamia, na katika mapokezi mengine, majengo yanabomoka. Mtume akaomba tena, kwamba mvua iwe pembeni yao na si juu yao, iende kwenye vilima, kwenye matumbo ya mabonde, na mahali inapoota miti.

Tuangalie vizuri alichoomba. Hakuomba mvua ikome. Aliiombea mahali pake. Mvua ilibaki kuwa rehema hata siku ile ilipokuwa inabomoa nyumba za Madina. Lililohitajika ni ipate pa kwenda. Sasa tujitazame sisi. Vilima tumevipanda na nyumba mpaka kileleni. Matumbo ya mabonde, kando ya mto Kawa na mto Wesha, tumeyajaza. Miti tumeikata tukafanya makala na mbao. Sidai kwamba dua ile ilikuwa sheria ya ujenzi, lakini mahali pote ambapo Mtume aliipeleka mvua, sisi tumepakalia, kisha tunaishangaa inapogonga mlango.

Ndugu zangu, mlima wetu si jiwe. Ni udongo mwekundu, mzito, unaokunywa maji polepole na ukishiba unakuwa mzito zaidi na wenye utelezi. Kule Funu, katika komini ya Kadutu, ardhi inatembea yenyewe hata bila tetemeko. Mwaka 2022 wataalamu walichapisha utafiti juu ya mteremko ule, wakilinganisha picha za zamani zilizopigwa na ndege na zile za satelaiti, kiasi cha miaka 70. Waliona kwamba mwendo wake umeongezeka kadiri mji ulivyojengwa juu yake, na watu wanaoishi hapo ni karibu 80,000. Maana yake ni nini? Si mlima tu unaotusukuma. Na sisi tunausukuma, kwa maji tunayoyakusanya na kuyamwaga mahali pamoja.

Na tusisahau Kalehe. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya Alhamisi, ambayo ni siku ya soko kule Nyamukubi, mito ilishuka na mawe na matope huko Nyamukubi na Bushushu, wakafa watu zaidi ya 400, na wengine wengi hawakupatikana. Mvua kama ile hakuna mtu mmoja anayeweza kusema ni ya mkono wake. Siwezi kumbebesha mkulima mmoja wa juu vifo vile vyote. Nazungumza juu ya jambo dogo zaidi, la parsela na parsela, ambalo kila mmoja wetu analijua kwa majina ya watu.

Tazameni namna tunavyojenga. Mtu ananunua kipande cha mteremko. Anachimba upande wa juu mpaka ukuta wa udongo unasimama wima, mita 3 au 4, na udongo alioutoa anautupa upande wa chini ili kiwanja kipanuke. Nusu ya nyumba inakaa juu ya ardhi ya asili, nusu juu ya udongo uliomwagwa jana, ambao haukushindiliwa hata kwa mguu. Ukuta wa wima hauna ngazi, hauna mfereji kichwani pake, hauna nyasi. Akiweka ukuta wa mawe, anaziba kila tundu kwa simenti ili upendeze, na maji yaliyofungwa nyuma yanausukuma mpaka upasuke. Kisha shimo la choo analichimba pale pale ukingoni. Halafu paa. Nyumba ya mita 8 kwa 10, mvua ya milimita 50 ikipiga, inashusha lita 4,000. Hayo ni mapipa 20. Kabla ya nyumba, maji yale yalianguka tone tone, yakagawanyika kati ya majani. Sasa yanatoka kwenye pembe moja ya bati, na chini ya pembe ile kuna jirani.

Hapa ndipo lilipo swali letu. Maji yanayoshuka yenyewe kwa umbile la mlima, aliye chini hana wa kumdai. Mungu ndiye aliyemweka huyu juu na yule chini. Lakini maji yaliyokusanywa na mkono wangu, na udongo uliolegezwa na jembe langu, hayo bado ni ya umbile la mlima?

Wanachuoni wetu walilijadili jambo hili zamani, ingawa hawakuijua Bukavu. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho mashehe wetu wamekisoma kutoka pwani mpaka huku, anataja mlizamu wa paa unaotokeza njiani. Kuutokeza ni halali. Lakini kitakachoharibika kwa sababu yake kinalipwa, kwa kauli mpya ya Imam Shafii. Halali, na bado unalipa! Wengi wetu tunadhani kwamba tukiwa na hati ya parsela na tumelipa franka zote za serikali, basi mambo yamekwisha. Ruhusa ni kitu kimoja, dhamana ni kitu kingine.

Anataja pia ukuta ulioinama. Aliyeujenga ukuta umeinamia njia, kisha ukaanguka, analipa. Aliyeujenga umenyooka, kisha ukainama wenyewe na kuanguka, hadaiwi; ingawa iko kauli nyingine kwamba analipa kama aliweza kuubomoa au kuutengeneza akaacha. Na wenzetu wa madhehebu ya Abu Hanifa wanasema akionywa, akapata nafasi ya kuuondoa, akakaa, basi analipa.

Ndugu mmoja niliyezungumza naye alilipenda sana neno hilo la ukuta ulionyooka. Alisema: mimi nilikata mlima wangu wima, umenyooka kama kamba ya fundi, ulianguka wenyewe baada ya miaka 2, kwa hiyo sidaiwi. Nililifikiria jibu lake siku nyingi, kwa sababu si la kijinga. Lakini naona amekosea katika kitu kimoja. Ukuta wa matofali unyoofu wake ni kusimama wima. Udongo unyoofu wake ni kulala. Umwage mchanga sakafuni uone unavyojilaza wenyewe mpaka upate pumziko lake. Udongo mwekundu unavumilia zaidi, hasa wakati wa kiangazi, lakini nao una kiasi chake, na maji yanakipunguza. Anayeukata wima bila kuuegemeza amejenga ukuta ulioinama tangu siku ya kwanza, hata kama jicho linauona umenyooka. Miaka 2 haikuwa usalama. Ilikuwa muhula.

Wengine wanaleta hadithi kwamba anayekufa chini ya kitu kilichobomoka ni shahidi. Ni kweli, na ni faraja kubwa kwa wafiwa. Lakini daraja ile amepewa marehemu. Aliyekata mlima hakupewa kitu hapo.

Sasa kuna upande mwingine, nao unaniumiza zaidi. Wengi walio kwenye miteremko hawakuichagua. Tangu vita vya 1996 watu wamekimbia vijiji vyao wakaja mjini na watoto na godoro. Parsela ya tambarare ilikuwa kwa mwenye pesa. Wao waliuziwa korongo. Tena waliuziwa wakati wa kiangazi, mwezi wa Julai, udongo umekauka na mfereji wa maji umefunikwa kwa takataka usionekane. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta chini pamelowana, akamkemea mwenye kuuza kwa kuficha. Ni nani atakayeingiza mkono katika parsela hizi? Kwangu mimi muuzaji huyo ana fungu la kwanza la deni, kabla ya maskini aliyekata mlima ili alaze watoto.

Hata hivyo maskini naye hakuachiliwa kabisa. Dharura inaondoa dhambi, lakini kwa kanuni ya mafakihi haibatilishi haki ya mwingine. Mwenye njaa anaruhusiwa kula chakula cha mtu, na akipata analipa. Aliye chini yako huenda ni maskini kukupita wewe. Na mambo mengi hayataki pesa nyingi: kukata mlima kwa ngazi fupi fupi badala ya ukuta mmoja, kila ngazi iiname kidogo kuelekea mlimani ili maji yasirukie chini, kushindilia udongo tabaka kwa tabaka, kupanda mabingobingo kwenye kingo, kuacha matundu katika ukuta wa mawe. Wazee wanakumbuka mifereji ambayo Wabelgiji waliwalazimisha watu kuchimba milimani, kwa amri na kwa adhabu. Baada ya 1960 wengi waliiacha kwa furaha, na siwalaumu. Kazi ya fimbo haipendwi. Lakini fimbo ilipoondoka, maji hayakuondoka.

Nimeyasema haya yote juu ya wengine. Sasa tuje kwetu. Paa la msikiti huu ni zaidi ya mara mbili ya lile la mita 8 kwa 10. Maji yake yote, pamoja na maji ya udhu wetu wa sala tano, yanatoka kwenye bomba moja nyuma ya ukuta wa kibla. Mwezi uliopita tulishuka watu watatu kuona yanakokwenda. Yanaingia kwenye parsela ya mama mjane, ambaye si wa dini yetu. Nyumba yake ni ya mbao, na nguzo mbili za nyuma zinaning'inia, udongo chini yake umeliwa.

Tulipiga hodi, akatukaribisha, akatupangusia benchi. Tulimuuliza: "Mama, kwa nini hukuja kutuambia?"

Akajibu: "Baba, ningewaambia namna gani? Ninyi ni watu wa sala. Nilifikiri mnajua maji yenu yanaenda wapi."

Wazee wa msikiti wamekaa na kukubaliana hivi. Mfereji utachimbwa kutoka kwenye bomba mpaka kwenye kanivo ya barabara, na pale penye mteremko mkali utapangwa mawe, kwa sababu maji yenye mbio yanakula chini. Mapipa yatawekwa kupokea maji ya paa. Nguzo za mama yule zitarudishwa na ukingo wake kujazwa kwa mifuko ya udongo uliopigwa. Wako waliopendekeza gharama iandikwe katika daftari la sadaka. Imamu alikataa, imeandikwa katika ukurasa wa madeni.

Kazi inaanza Jumapili baada ya sala ya Alfajiri, kabla mvua za Septemba hazijatukuta. Mwenye jembe aje na jembe, na mwenye mifuko tupu aje nayo. Wanaokaa jirani na mama yule wapite kwanza kumjulisha saa tutakayofika, asishituke kuona watu wengi mlangoni pake asubuhi.

Wabillahi tawfiq.